Nani kasema mashine haijui Kiswahili?

Kuna hoja moja nimeisikia mpaka masikio yameota sugu. Kwamba Kiswahili ni lugha tamu ya mashairi, siasa na taarab, ila ukifika kwenye kompyuta, hasa kule ndani kabisa, kiweke pembeni uchukue Kiingereza. Wanaoisema sio wazee wa kijijini. Ni wasomi, tena wengine wana shahada ya hiyohiyo kompyuta. Na wanaisema kwa Kiswahili!

Leo naomba tubishane kwa vitendo. Kwa miezi kadhaa sasa, nikishamaliza kuhangaika na habari za kesho, narudi nyumbani naunda prosesa. Sizungumzii kununua vipande dukani na kuvifunga ndani ya boksi. Nazungumzia ubongo wenyewe, kwa chipu ndogo ndogo za familia ya 74 na waya nyingi kuliko nywele za kichwani. Ramani sio yangu. Chimbuko lake ni SAP-1, kompyuta ya kufundishia iliyomo kwenye kitabu cha Albert Paul Malvino, ambayo Mmarekani Ben Eater ameifanya ijulikane duniani kwa video zake. SAP-1 ina baiti 16 za kumbukumbu na amri 5 tu: pakia, jumlisha, punguza, onyesha, koma. Basi.

Sasa angalia amri ni kitu gani. Kila amri ni biti 8. Biti 4 za kushoto zinasema fanya nini, 4 za kulia zinasema namba iko wapi. Biti 4 zinatoa michanganyiko 16, kwa hiyo mashine yangu haiwezi kuwa na amri zaidi ya 16 hata nikilia. Kwa Kiingereza wameandika ADD 14. Mimi nimeandika JUM 14. Zote mbili zinageuka 0010 1110, na mashine inapokea hiyo 0010 1110, haioni herufi hata moja. Niambie, hapo Kiingereza kiko wapi? Kipo kwenye karatasi ya binadamu, kumsaidia binadamu kukumbuka. Basi na binadamu wa Kiswahili naye akumbuke kwa lugha yake! Asembla yangu, yaani programu inayogeuza maneno hayo kuwa biti, ina jedwali la mistari 8. Kufuta ADD na kuandika JUM ni kazi ya sekunde kumi.

Kazi ngumu haikuwa kupata maneno, ilikuwa kuyachagua, na hapa ndipo wale wasomi wangekuja kunisaidia badala ya kucheka. Nilitaka TOA kwa ajili ya kutoa hesabu, kama tulivyofundishwa shule ya msingi. Lakini kutoa pia ni kupeleka nje, na mashine ina amri ya kupeleka jibu nje kwenye vitaa. TOA ipi sasa? Nikaamua PUN na ONY, punguza na onyesha. Ya kusimamisha kazi nilifikiria SIM, ila simama kwa Mswahili ni kuacha kutembea na ni kuinuka kwenye kiti, mambo mawili yanayopingana. Nikaweka KOM. Mashine yangu inamaliza kila programu kwa kuambiwa koma, na naona inastahili. Ziko PAK ya kupakia, HIF ya kuhifadhi, RUK ya kuruka kwenda amri nyingine. Na iko RKS, ruka kama sifuri.

Hiyo RKS ndiyo nataka tuisimamie. SAP-1 ya kitabuni haina kitu hicho. Inatembea kutoka amri ya kwanza hadi ya mwisho kama treni kwenye reli, haiwezi kuamua lolote. Ukiongeza amri moja tu inayosema "kama rejesta A ina sifuri, nenda kule", kikokotoo kinageuka kompyuta. Prosesa yangu haina saketi ya kuzidisha. (Na sio aibu: 6502 ya mwaka 1975, iliyoendesha Apple II, haikuwa nayo.) Lakini kwa RKS inazidisha. Inajumlisha 3, inapunguza 1 kwenye 4, inauliza imefika sifuri? Bado. Inarudi. Amri 11 na namba 4 za kuhifadhi, jumla baiti 15 kati ya 16. Nikiipigia saa mapigo 6 kwa kila amri, pigo moja kwa sekunde, 3 mara 4 inachukua sekunde 222. Karibu dakika nne kupata 12! Lakini katika dakika hizo unaona kwa macho yako kila hatua, kitaa kwa kitaa, na hakuna muujiza wowote mle ndani.

Kwa nini mwandishi wa habari ahangaike na hili? Kwa sababu kila wiki nasimama mbele ya dirisha la ofisi fulani, mama wa watu anaambiwa "mfumo umekukataa", na anaondoka. Mfumo haukatai mtu, ndugu yangu. Kuna mahali mle ndani pana RKS, na kuna mtu mwenye jina na mshahara aliyeamua kwamba ikiwa sifuri, mama huyu apelekwe kule. Ukishaijenga amri hiyo kwa waya, sentensi ile haikutishi tena. Unauliza: nani kaiandika, na kaandika sharti gani? Nataka mwanafunzi wa kidato cha pili aweze kuuliza hivyo, na akiuliza kwa lugha anayoota nayo usiku atauliza mapema zaidi.

Najua majibu yenu. La kwanza, kwamba tulishajaribu. Kweli, mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, na Microsoft nao wakaja na Windows ya Kiswahili. Ilikuwa kazi ya heshima. Lakini ilikuwa kubandika vibao vya Kiswahili kwenye milango ya nyumba ya mtu mwingine. Mimi nazungumzia msingi.

La pili, kwamba mtoto akizoea JUM atashindwa kusoma vitabu vyenye ADD. Maneno 8! Aliyeelewa kujumlisha ni nini ndani ya mashine atajifunza ADD kabla chai haijapoa. Aliyekariri ADD bila kuelewa, na nimesoma na wengi wa aina hiyo, hana cha kutafsiri.

La tatu ndilo linaloniudhi: kwamba kubuni seti ya amri ni kazi ya wazungu wenye mabilioni. Mwaka 1983 Sophie Wilson na Steve Furber wa kampuni ya Acorn, Uingereza, walikwenda Phoenix, Marekani, wakakuta prosesa zinaundwa na kikundi kidogo tu cha watu. Wakarudi, Wilson akabuni seti ya amri na kuijaribu kwa programu ya BBC BASIC. Chipu ya kwanza iliwaka tarehe 26 Aprili 1985. Nayo haikuwa na amri ya kuzidisha! Hiyo ndiyo ARM, na kizazi chake kimo ndani ya hiyo simu uliyoshika. Tangu 2010 kuna RISC-V kutoka Berkeley, amri 40 za msingi, iko wazi, haina ada, mtu yeyote anaruhusiwa kuijenga. Anayesubiri ruhusa anaisubiri kwa nani?

Kwenye jedwali langu zimebaki nafasi 8. Inayofuata ni kuruka kama kumebaki ile 1 tunayoipeleka safu ya kushoto tunapojumlisha. Saketi yake tayari ipo, ila jina lake sijalipata. KAR sitaki. Mwenye neno la herufi tatu alilete, na aje na sababu.