Nani Kakwambia Nairobi Wanatumia Dola?

Juzi asubuhi nilikuwa nasikiliza kipindi cha ushauri redioni. Dada mmoja akapiga simu: anakwenda Kampala kwenye mahafali ya mdogo wake, abebe fedha gani? Mtaalamu aliyealikwa studio hakujiuliza mara mbili. Nunua dola, akasema, dola haimwangushi mtu, ukifika kule utabadilisha. Mtangazaji akamshukuru kwa elimu, wimbo ukapigwa. Nina hasira mpaka leo.

Elimu gani ile? Mtu anatoka Tanzania anakwenda Uganda, nchi zinazopakana, na njia anayoonyeshwa inapitia Washington. Imani hii kwamba safari si safari mpaka uwe na noti za kijani mfukoni inawala watu wetu kimyakimya. Wanaoliwa zaidi ni abiria wa mabasi ya Namanga, Sirari na Mutukula: mgonjwa, mwanafunzi, mama anayefuata mitumba. Mwenye kadi tatu za benki hata haoni kilichokatwa.

Hesabu yake haihitaji chuo kikuu. Kila duka la kubadilishia fedha lina bei mbili, ya kununua na ya kuuza, na pengo la katikati ndiyo riziki ya mwenye duka. Ukitoka kwenye shilingi yetu kwenda kwenye dola, umelipa pengo. Ukitoka kwenye dola kwenda kwenye shilingi ya Kenya, umelipa pengo la pili. Zikibaki dola mia ukarudi nazo, unalipa la tatu. Tuseme duka la Dar linanunua dola kwa 2,580 na kuiuza kwa 2,640, na la Nairobi linainunua kwa 127.50 wakati bei ya katikati ni 129. Mwenye 2,640,000 anatoka na dola 1,000, na Nairobi anahesabiwa 127,500. Kwa bei za katikati, fedha ileile ingezaa zaidi ya 130,000. Karibu shilingi 3,000 za Kenya, yaani kama 60,000 zetu, zimebaki kaunta kabla msafiri hajanunua hata chupa ya maji. Pengo moja halikwepeki, maana kila mwenye duka lazima ale. Mawili ni ya nini?

Jirani yangu hapa Kinondoni, mama mtu mzima, alimpeleka mwanawe kutibiwa Nairobi. Wanawe wengine walichanga, wakamnunulia noti za dola mia mia, akazifunga kwenye pindo la khanga kama alivyoshauriwa. Kule dirishani kijana akazichukua moja moja. Anaipapasa kwa kidole gumba kwenye kola ya koti la yule mzee Franklin wa kwenye picha ya noti, anaiinua kwenye taa, anaigeuza. Moja ilikuwa na alama ya kalamu pembeni, ndogo kama mdudu chawa. Mama, hii hatuchukui. Nyingine ilikuwa ya toleo la zamani, lile la kabla ya mwaka 2013 lisilo na ule mstari wa buluu. Hii tunachukua, mama, lakini kwa bei ya chini. Akasimama pale na mgonjwa wake, anabishana kuhusu alama ya kalamu ambayo hakuichora yeye. Wamarekani wenyewe hawajafuta noti zao za zamani. Kwa sheria yao bado ni fedha halali. Wanaozikataa ni maduka ya huku kwetu, halafu tunaambiwa dola haimwangushi mtu!

Watetezi wa dola wana hoja yao wanayoipenda: eti inapokelewa kila mahali. Haya, panda matatu ya Ngong Road umpe kondakta noti ya dola ishirini. Kula rolex, ile chapati ya mayai, kando ya barabara Kampala, mpe muuzaji dola tano, subiri chenji. Kila mahali wanakokusema ni mapokezi ya hoteli na kaunta za uwanja wa ndege, na hapo inapokelewa kwa bei anayoipanga mpokeaji. Wengine wanasema dola haishuki. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilifika kama shilingi 160 za Kenya. Miezi michache baadaye ilikuwa karibu 130. Aliyezilaza dola chini ya godoro akisubiri safari yake ya Mombasa alipoteza karibu moja ya tano akiwa amelala.

Imani hii tumeilea wenyewe nyumbani. Kwa miaka mingi mwenye nyumba Masaki amedai kodi kwa dola kutoka kwa mpangaji anayelipwa shilingi, na shule nazo zikaiga, kana kwamba chaki inatoka New York. Ilibidi serikali itoe kanuni Machi 2025 kupiga marufuku kutangaza na kudai bei kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Nilizipokea kwa furaha kubwa. Lakini mtoto aliyekua akisikia ada yake ikitajwa kwa dola, ukubwani atakwenda wapi bila dola?

Njia nyingine zipo, na si za jana. Tangu 2015 mwenye M-Pesa ya Tanzania anaweza kumtumia mwenye M-Pesa ya Kenya, simu kwa simu, na nusu ya Nairobi inaishi humo. Kadi ya benki inatoa shilingi za Kenya kwenye ATM za Nairobi. Mashine ikikuuliza ukatwe kwa fedha ya nyumbani kwako au ya pale ulipo, chagua ya pale ulipo, kwa sababu ukichagua ya nyumbani wanakupangia bei yao. Noti chache za kuanzia safari zinunue moja kwa moja, shilingi kwa shilingi.

Hapo ndipo benki zetu zinaponiudhi kuliko yule mtaalamu wa redio. Mfumo wa malipo wa Afrika Mashariki, EAPS, ulianza zaidi ya miaka kumi iliyopita ili fedha zivuke mipaka kwa sarafu zetu wenyewe. Ni karani gani aliyewahi kukutajia jina hilo? Ukisema unakwenda Nairobi, anakuuliza unataka dola ngapi. Benki Kuu hutangaza bei ya shilingi ya Kenya na ya Uganda kwenye orodha yake ya kila siku ya kazi. Ifungue kwenye simu yako, mwonyeshe karani, mwulize yeye anauza ngapi. Akisema hana ila dola, mwombe akuitie meneja, na umwulize meneja mbele ya foleni.