Kufungua fixed ni dakika 20, kuifunga ni vita

Siku ya kulipa mkopo, benki hukukumbuka kuliko mamako. SMS ya kwanza inaingia siku tatu mapema. Ya pili inaingia asubuhi yenyewe, hata chai hujakunywa. Ukichelewa kidogo, kuna mtu anakupigia simu na sauti tamu kabisa, akikuuliza kama kuna shida. Na kama ni Fuliza, hiyo hata hawakuulizi. Pesa ikiingia tu kwa M-Pesa, wanakata.

Sasa niambieni, ni lini benki ilikutumia SMS ikikwambia, "Pesa yako uliyotufungia imeiva, kuja uichukue"?

Nangoja.

Leo nataka tuongee kuhusu fixed. Kwa Kiswahili cha darasani ni akaunti ya amana ya muda maalum, lakini sijawahi kusikia mtu akiingia benki na kuiita hivyo. Unaipa benki pesa, mnakubaliana muda, iwe miezi mitatu, sita ama mwaka, mnakubaliana riba, na unaahidi hutaigusa. Ukivumilia, unapata riba nzuri kuliko ya akaunti ya kawaida. Ukishindwa katikati, unapoteza riba, yote ama sehemu yake. Hapo sina ugomvi. Benki nayo hiyo pesa imeshaikopesha watu wengine ama serikali, na ukivunja ahadi unaisumbua. Mkataba ni mkataba.

Ugomvi wangu uko siku ile ahadi inaisha.

Mamangu anauza viazi sokoni Nakuru. Mwaka fulani zamu yake ya chama ilifika, akapata 80,000. Ilikuwa Julai, na karo yangu ya muhula wa Januari ilikuwa inahitajika. Mama anajijua. Pesa ikikaa kwa simu, itaenda kwa harambee, kwa jirani, kwa gunia la viazi la bei ya kutupa. Akaenda benki akaifungia miezi sita. Alikuwa hata na furaha. Alipewa kiti, akaitwa mteja wetu, akajaziwa fomu, akaweka sahihi. Dakika 20 hivi, amemaliza.

Kuna mambo mawili hakuambiwa kwa hizo dakika 20.

La kwanza ni hesabu. Aliambiwa riba ni 8%. Wengi wetu tukisikia 8% ya 80,000 tunaona 6,400. Hapana. Hiyo 8% ni ya mwaka mzima. Miezi sita ni nusu yake, yaani 3,200. Halafu serikali inakata ushuru wa 15% kwa hiyo riba kabla hujaiona, ambayo ni 480. Unabaki na 2,720. Si mbaya, lakini si ile picha mtu anatoka nayo benki akitabasamu.

La pili ndilo lilituumiza. Kwa ile fomu kuna sehemu ndogo inauliza benki ifanye nini muda ukiisha. Unaweza kusema wakuwekee kila kitu kwa akaunti yako ya kawaida. Unaweza kusema wakupe riba, pesa yenyewe waifungie tena. Ama wafungie yote tena, mtaji na riba, muda uleule. Tiki iliwekwa kwa hiyo ya mwisho. Niliiona baadaye. Tiki ilikuwa ya mhudumu, sahihi ilikuwa ya mama.

Basi Januari ikafika. Pesa iliiva siku ya Alhamisi. Mama alikuwa Busia kwa matanga ya shangazi yake, akarudi Jumapili usiku. Jumatatu saa mbili asubuhi alikuwa kwa mlango wa benki. Akaambiwa, "Pole mama, ilijifungia tena Ijumaa. Mpaka Julai."

Akaomba wamvunjie. Akaambiwa aandike barua. Akaandika. Akaambiwa barua inaenda makao makuu, angoje siku saba za kazi. Hakuna mtu alimtukana, niseme ukweli. Wote walikuwa wapole sana. Lakini chuo kilikuwa kinafunga usajili Ijumaa ya wiki hiyo hiyo, na siku saba za kazi zilikuwa zinaishia wiki iliyofuata.

Pesa ilitoka yote, pamoja na riba ya ile miezi sita ya kwanza. Tulichopoteza ni riba ya siku chache tu, hata mia mbili haifiki. Kwa karatasi za benki, hakuna mtu aliumia. Lakini mimi nilikosa muhula mzima nikiwa na karo yangu kamili, imelala benki kwa jina la mamangu.

Nisiwadanganye, sikuacha chuo juu ya fixed. Niliacha baadaye, na sababu ni nyingi, mojawapo ni mimi mwenyewe. Lakini mama mpaka leo anadhani ni makosa yake. Ndiyo maana naandika hii.

Najua kuna mtu ataniambia kujifungia tena ni kwa faida ya mteja. Kwamba kuna wazee wanasahau, na pesa ikitolewa itakaa bure kwa akaunti haizai kitu. Ni hoja ya maana, siipuuzi. Lakini kama ni kwa faida yangu, mbona usiniulize? Namba yangu unayo. Unaitumia kila wiki kuniambia nimeidhinishiwa mkopo ambao sikuomba.

Na si muda peke yake unaozungushwa, hata bei. Benki ikifungia tena, mara nyingi inatumia riba ya siku hiyo, si ile mlikubaliana mwanzo. Mwanzoni mwa 2024 Benki Kuu ilikuwa imepandisha riba yake hadi 13%. Kuanzia Agosti mwaka huo ikaanza kuishusha, awamu baada ya awamu. Mtu aliyefungia pesa wakati riba iko juu, halafu akazungushwa bila kuulizwa, anaweza kujikuta kwa riba ya chini na hakuna siku alikaa chini akakubali. Na riba ya fixed hujadiliwa, wasee. Hasa ukiwa na kiasi cha maana. Lakini utajadili aje kitu ambacho kimefanyika ukiwa kwa matanga?

Mimi nataka vitu vitatu tu. Moja, kama mteja hajasema kwa mdomo wake kwamba pesa ifungiwe tena, iwekwe kwa akaunti yake siku inaiva. Mbili, SMS wiki mbili kabla, na nyingine siku yenyewe, vile wanafanyia mkopo. Tatu, wakati pesa imefungiwa tena bila mteja kuongea, apewe angalau siku saba za kuitoa bila barua na bila kuambiwa anavunja. Kama kufungua ni dakika 20, kufunga kusiwe siku saba za kazi.

Kabla hiyo siku ifike, tujilinde. Ukienda kufungua, shika kalamu wewe. Uliza ile sehemu ya muda ukiisha iko wapi na uweke tiki mwenyewe. Uliza ukivunja katikati unapoteza nini, na nani anaidhinisha, tawi ama makao makuu. Chagua tarehe ya kuiva iwe wiki mbili ama tatu kabla ya siku unahitaji pesa, na isiangukie wikendi ama sikukuu. Kama una 80,000, si lazima iwe fixed moja. Ukiruhusiwa, fungua nne za 20,000, ndiyo shida ikikuja uvunje moja, zingine ziendelee. Halafu weka kumbusho kwa simu yako. Ya benki usiingojee.

Mama bado anaweka pesa fixed, na mimi sijamkataza. Inamsaidia. Ile kufuli ndiyo anataka, na kwa mtu ambaye kila mtu sokoni anajua ana roho safi, kufuli ni kitu cha maana. Tofauti ni kwamba siku hizi tunaenda pamoja. Mhudumu akigeuza fomu, mama anaweka kidole pale kwa hiyo sehemu na kusema, "Hapa ngoja kwanza, mwanangu asome."

Leo jioni mpigie mzazi wako. Muulize kama ana fixed mahali, inaiva lini, na tiki iko wapi. Akikwambia hajui, kesho endeni benki.