Neno la Mhariri: Buluu Isiyokuwapo Jangwani

Kwa miaka mingi, aliyetaka kupaka rangi modeli ya kifaru aina ya Matilda, kama vile vilivyopigana Libya na Misri katika Vita vya Pili vya Dunia, hakuwa na shaka: manjano ya mchanga kwanza, kisha mabaka ya kijivu na ya buluu nyepesi. Buluu hiyo ilikuwa kwenye masanduku ya modeli, vitabuni, hata kwenye baadhi ya vifaru halisi vilivyohifadhiwa katika makumbusho ya Uingereza. Ukibisha, unaonyeshwa kifaru chenyewe.

Kumbe jeshi la Uingereza halikuagiza buluu. Mpangilio wa mabaka yenye kingo zilizonyooka, unaojulikana kwa jina la Brigedia Caunter na uliotumika mwaka 1940 na 1941, ulikuwa na rangi tatu: Portland Stone, rangi ya jiwe lililopauka, Slate, kijivu kilichokolea, na Silver Grey, nambari 28 katika orodha ya rangi sanifu za Uingereza. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyogeuzwa buluu, ilhali ni kijivu kinachoelekea kijani. Watafiti waliporejea maagizo ya jeshi na sampuli za rangi, buluu ilikosa mtetezi. Ilikuwa imeishi kwa sababu kila mmoja alimwamini aliyemtangulia.

Hoja yetu katika toleo hili ni kwamba modeli ni ushahidi unaotolewa mbele ya watu. Anayeiweka mezani anasema: hivi ndivyo kilivyokuwa. Kwa hiyo ana wajibu wa kujua amejuaje.

Picha peke yake haitoshi. Nyingi za wakati ule ni nyeusi na nyeupe. Zitakuonyesha mabaka yalianzia wapi, vumbi lilitanda wapi na mizigo ilifungwa vipi, lakini kijivu cha picha chaweza kuwa kijani, kahawia au vumbi tupu. Ndiyo maana tarehe ina uzito. Vifaru vya Wajerumani vilivyoshushwa Tripoli mwanzoni mwa 1941 vilifika na kijivu kizito cha Ulaya. Mwezi Machi mwaka huo ukatoka mwongozo wa rangi za Afrika, kwa nambari za RAL, orodha ya rangi sanifu za Ujerumani: RAL 8000 ya kahawia-manjano na RAL 7008 ya kijivu-kijani. Mwaka uliofuata zikabadilishwa tena. Basi mkwaruzo kwenye kifaru kilichopakwa upya jangwani utafunua kijivu cha chini kabla ya kufika kwenye chuma. Fundi anayekimbilia rangi ya fedha kila penye mkwaruzo anaifuta safari nzima ya kifaru hicho.

Ulaghai wa jangwani haukuishia kwenye rangi. Kabla ya mapigano ya El Alamein ya Oktoba 1942, kikosi cha Mwingereza Geoffrey Barkas, aliyekuwa mtengenezaji filamu, kilificha vifaru chini ya vifuniko vyenye umbo la lori, na mahali vilipotoka kikaweka vifaru bandia. Kazi yao ilikuwa kumdanganya adui. Yetu ni kinyume chake, na kurasa za ndani zinaeleza namna: kuchanganya rangi za Caunter, kupitisha brashi kavu kwenye kingo, na kupaka vumbi kwa kiasi ili lisifunike kila kitu.

Wapo wanaouliza kama si aibu kuufanya urembo mtambo wa kuua. Swali ni la haki. Mabomu ya ardhini yaliyotegwa katika vita hivyo yaliendelea kuua na kulemaza watu wa kaskazini-magharibi mwa Misri kwa miongo mingi baada ya majeshi kuondoka, na ardhi hiyo ilikuwa na wenyewe kabla ya majenerali kuichora kwenye ramani zao. Modeli inayong'aa, isiyo na mahali wala mwezi, huyasahaulisha hayo kwa urahisi. Yenye mahali na mwezi humlazimu mtazamaji kuuliza kilichotokea hapo.

Tunawaomba wasomaji jambo moja. Chini ya kibao cha kila modeli, andikeni kikosi, mahali, mwezi na mwaka, na mlikoitoa rangi. Mstari wa mwisho ukibaki mtupu, rangi isubiri.