NGUVU BILA MIZANI

Gari dogo linaloongozwa kwa redio si jambo geni tena duniani. Mwaka 1985 kampuni ya Tamiya ya Ujapani ilitoa lori lililoitwa Bruiser, lenye chasisi ya chuma na gia tatu zinazobadilishwa kwa mbali. Mwaka 2017 Traxxas ya Marekani ikatoa TRX-4, ambalo difu zake hufungwa na kufunguliwa na mwongozaji akiwa amesimama pembeni. Hizi ni mashine kamili, na bei zake si za peremende.

Kwa sababu hiyo tunasikitishwa na desturi moja iliyoenea miongoni mwa wapenzi wa mchezo huu. Gari likikwama katika mawe, au likipinduka penye mabonde, mwenyewe hukimbilia dukani kununua mota kubwa zaidi. Muuzaji hamkatazi, kwa nini amkataze? Baada ya wiki mbili meno ya gia yamesagika, shafti imekatika, na mzazi anaombwa fedha nyingine. Hiyo ni israfu iliyo dhahiri.

Ukweli ni kwamba gurudumu lisilogusa ardhi halivuti kitu, hata lingepewa nguvu za garimoshi. Kazi ya kwanza katika njia mbaya ni kuyafanya magurudumu yote manne yakae chini. Basi na tuanze na tairi. Mpira laini wenye sponji ndani hujifinyanga juu ya jiwe ukalishika, ilhali mpira mgumu huteleza. Fedha iliyokusudiwa kununua mota ingetumika hapo, nusu ya malalamiko tunayoyasikia ingekwisha.

Hufuata shokamzoba, ambazo mafundi wetu huziita shokapu, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Mafuta ya silikoni yaliyomo ndani yake huuzwa kwa vipimo mbalimbali vya uzito. Mafuta mazito hulisaidia gari lisipige tumbo linapotua baada ya kuruka. Lakini juu ya changarawe na vishimo vinavyofuatana mafuta hayo hayo huligeuza gari kuwa mkokoteni, kwani gurudumu halipati wasaa wa kurudi chini kabla ya shimo la pili kufika. Penye vishimo vingi yatumike mepesi zaidi, na springi laini. Tena mafuta haya huwa mazito kwa baridi na mepesi kwa joto. Kwa hiyo kipimo kinachosifiwa na mtu anayeishi kwenye theluji hakiwezi kumfaa anayecheza Tanga saa saba mchana. Anayejaza na awe na subira: ausukume mti wa shokapu juu na chini polepole mpaka mapovu yaishe, ndipo afunge.

Difu nayo isisahauliwe. Ikiachwa huru, hupeleka mwendo kwenye gurudumu lililo hewani, na lile lililoshika ardhi likabaki limelala. Mafuta mazito ndani ya difu hupunguza tabia hiyo. Wapanda mawe wa mwendo wa polepole huifunga kabisa, na wanafanya sawa. Ila anayekimbiza gari asiwaige, maana gari la namna hiyo hukata kona kwa taabu na kuzitesa shafti.

Ama kuhusu gia, pinioni yenye meno machache hupunguza mbio lakini humwondolea mota mzigo. Ikiwa baada ya dakika chache za mwendo kidole hakistahimili kukaa juu ya mota, meno na yapunguzwe. Betri ikae chini kadiri iwezekanavyo, na kwa mpanda mlima isogezwe mbele.

Tunasisitiza kwamba kibadilishwe kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, na kiandikwe katika daftari. Abadilishaye vitano kwa pamoja hatajua kipi kilichomponya na kipi kilichomdhuru. Mtoto wa mtaani aliyeunda gari la waya lenye magurudumu ya kandambili kuukuu analijua hili bila kufundishwa na mtu: gari likivuta upande, hukunja waya kidogo, akalijaribu, akakunja tena. Haendi kununua waya mwingine.

Wako watakaosema kwamba huu ni mchezo tu. Hatukubaliani nao. X-Maxx, lori jingine la Traxxas, lina uzito unaopita kilo 8 na huweza kukimbia kilomita 80 kwa saa. Likimgonga mtoto mguuni, hakuna atakayeuita mchezo. Betri za lithiamu zinazotumika humo nazo huwaka moto zikitendewa vibaya: kila seli isichajiwe kupita volti 4.2, wala isikamuliwe chini ya volti 3. Iliyovimba isitumike tena, na hakuna betri ya kuachwa ikichajiwa usiku chumbani mwa watu waliolala.

Kabla ya kuliachia uwanjani, gari liinuliwe magurudumu yote yakiwa hewani, kisha redio ya mkononi izimwe na mota itazamwe kama inasimama. Isiposimama, siku hiyo gari libaki nyumbani.