Mushauri wa masomo ya Marekani: kadi ya chama inamulinda nani?

Matokeo ya egzame ya Taifa yakitoka, makomisyonere nao wanatoka. Muzazi anaambiwa kwamba mutoto wake anaweza kupata nafasi katika chuo kikuu cha Marekani, basi atume kwanza dola kwa telefone. Tangu benki za Goma na Bukavu zifungwe mwanzoni mwa 2025 sababu ya vita, telefone njo njia ya wengi, na feza ikienda hivyo kwa mutu binafsi, kuirudisha ni kazi ngumu.

Wamoja kati ya hao washauri wanaonyesha kadi ya chama. Je, kadi hiyo ina uzito gani?

Marekani kwenyewe, kazi ya kushauri wanafunzi wanaotafuta chuo haiombi leseni ya serikali. Njo maana vyama vina kazi. Kikubwa ni NACAC, kilichoanzishwa 1937. Kinaunganisha washauri wa mashule, wapokeaji wa vyuo na washauri wa binafsi, na kina kanuni za mwenendo. Kuna pia IECA, cha washauri wa binafsi. Mwenye kuingia anaonyesha kazi yake, na anapata masomo na wenzake wa kumukosoa.

Lakini chama si polisi. Mwaka 2019 kesi ya Rick Singer ilionyesha namna mushauri mumoja alivyopokea mamilioni ya dola kwa wazazi matajiri ili watoto wao waingie vyuoni kwa njia ya uongo. Alihukumiwa kifungo mwaka 2023.

Kwa watu wa huku kuna jambo lingine. Sheria ya Marekani inakataza vyuo vinavyopokea feza za serikali kulipa komisyo kwa kila mwanafunzi anayeandikishwa. Ila imeacha mulango wazi kwa wanafunzi wa kigeni wanaoishi inje. NACAC nayo ilikataza komisyo kwa miaka mingi, kisha 2013 ikairuhusu kwa wanafunzi wa kigeni, kwa sharti kila kitu kiwe wazi. Maana yake: mutoto wa Marekani analindwa na sheria, lakini wa Bukavu analindwa na maulizo ya wazazi wake.

Maulizo yenyewe ni haya: Nani anakulipa, siye ao chuo? Jina lako liko kwenye liste ya chama, tuangalie wenyewe? Karatasi ya I-20 itatoka wapi? Jibu la kweli ni moja: inatoka kwenye chuo, kisha mwanafunzi kupokelewa. Viza nayo inatolewa na konsili peke yake. Feza ya SEVIS, dola 350, inalipwa kwa serikali ya Marekani.

Serikali hiyo iko pia na huduma yake ya mashauri, EducationUSA, isiyotumika na makomisyonere.

Kadi ni mwanzo wa kuuliza. Mwenye kukasirika akiulizwa, amekwisha kujibu.