Taa za Krismasi Boko: Staa Anawaka, Mtaa Giza!

Jamani mastaa wetu, hivi Krismasi ni sikukuu au ni shooting? Maana huko Boko mambo yamekuwa mambo. Kuna staa mmoja, jina kapuni, kaivisha nyumba yake taa kuanzia paa mpaka bwawa la kuogelea. Minazi imeviringishwa taa, paa wa plastiki wanang'aa kwenye nyasi, na mlangoni kuna tao zima la kupigia picha. Mtandaoni ni makopakopa tu.

Sasa pita nje. Ukuta mrefu, nyaya juu, geti jeusi, na njia ya vumbi iko giza totoro. Mama anayetoka kituoni Magengeni na mfuko wa unga anajimulikia kwa tochi ya simu, roho mkononi, akiwaza vibaka.

Watetezi wake wanakuja juu: "Hela yake, LUKU yake, nyie inawauma nini?" Kwenye LUKU wana hoja. Mkanda wa taa 100 ndogo za LED unakula kama wati 6 tu. Funga mikanda 40, washa saa sita kila usiku, hata uniti moja na nusu haifiki. Mlaji mkubwa ni zile taa za kumulika ukuta ili picha itoke vizuri. Kumi za wati 200, kwa saa hizohizo, ni uniti 12, na kwa bei ya kama shilingi 350 kwa uniti, hapo zimekwenda zaidi ya 4,000 kila usiku. Na mwanga wake unaishia chumbani kwa jirani, mtoto halali!

Wala kujionyesha peke yake sio kosa. Mwaka 1882 kule New York, Edward Johnson, mshirika wa Thomas Edison, alifunga taa 80 nyekundu, nyeupe na bluu kwenye mti wake wa Krismasi. Naye alikuwa anatangaza biashara ya umeme. Ila huko Marekani watu walikuja kuzipeleka taa mbele ya nyumba, zikatazama barabara, wapita njia wakafaidi. Staa wetu kaiga taa, wapita njia kawafungia nje. Wakati hapa Dar sahani ya pilau ya sikukuu inavuka ukuta kwenda kwa jirani, awe Mkristo au Mwislamu. Pilau inavuka, taa inashindwaje?

Halafu kuna fundi. Siku tatu yuko juu ya paa bila hata kamba ya kujifunga, akimaliza anaambiwa "tutakutagi, utapata promo." Promo inalipa kodi ya chumba? Na Desemba mvua za vuli bado zinanyesha. Waya zimeungwa kwa utepe, maungio yamelala kwenye nyasi mbichi pembeni ya bwawa. Anayefagia hapo alfajiri ni dada wa kazi, staa bado kalala. Kazi hiyo inataka fundi mwenye leseni ya EWURA, taa zilizotengenezwa kwa ajili ya nje, na swichi inayojikata yenyewe umeme ukivuja. Ukiwa na hela ya tao la taa huwezi kukosa ya usalama wa binti wa watu.

Nyumba ikipambwa kwa akili, mpango unaanzia getini. Fuata mstari wa paa na ukuta wa mbele, rangi moja ya joto inatosha, sio disko. Zile za kumulika ukuta zima kabisa. Weka saa ya kujizima, saa tano usiku mapambo yote yalale, na majirani nao walale. Fundi alipwe keshi kabla hajashuka ngazi.

Kisha funga balbu moja ya wati 10 juu ya geti, itazame njia. Ikiwaka kuanzia saa 12 jioni mpaka saa 12 asubuhi, haifiki shilingi 50 kwa usiku. Hiyo isivuliwe Krismasi ikiisha. Kama shilingi 50 ya kummulikia jirani inamshinda staa, basi ajue taa nyingine zote zile ni za kamera tu, na mtaa umeshamwelewa.