Kura Si Shirki: Tahadhari kwa Wazazi, Maustadhi na Maimamu wa Pwani

Kuna mafundisho yanayowafikia vijana wetu kwa mafungu. Fungu la kwanza linasema demokrasia haina nafasi katika Uislamu. La pili linasema anayepiga kura amemfanyia Mwenyezi Mungu mshirika katika hukumu, kwa hiyo ametoka katika dini. La tatu halisemwi msikitini. Linasemwa baada ya isha, katika kundi dogo la watu waliokwisha kuaminiana: aliyetoka katika dini ni murtadi, na damu ya murtadi ni halali. Naandika kwa haraka kwa sababu fungu la pili limeacha kufichwa. Linazunguka kwenye simu katika klipu fupi za Kiswahili, wanafunzi wa madrasa wanaliuliza kama swali la kawaida la fikihi, na Kenya inakwenda kwenye uchaguzi mkuu tarehe 10 Agosti 2027. Tukingoja mpaka tulisikie la tatu kwa masikio yetu, tutakuwa tumechelewa.

Kuikosoa demokrasia si kosa. Wanazuoni wamejadiliana juu yake kwa zaidi ya miaka mia, na wapo Waislamu wanaoikataa kwa hoja na kwa amani bila kumgusa mtu. Hao tubishane nao kwa adabu. Ninachokipigia kelele ni pale ubishi juu ya mfumo unapogeuzwa kuwa hukumu juu ya imani ya jirani yako, mama yako, imamu wako.

Fungu hilo la pili lina historia, na kwa sura yake ya leo historia yenyewe si ndefu. Abu Muhammad al-Maqdisi, mwandishi wa Jordan, alitunga kijitabu kudai kwamba demokrasia ni dini inayojitegemea, na anayeshiriki uchaguzi ameingia dini nyingine. Alikaa gerezani pamoja na mwanafunzi wake, Abu Musab al-Zarqawi. Mwalimu aliandika, mwanafunzi alitenda. Januari 2005, siku chache kabla ya Wairaki kupiga kura, Zarqawi alitoa kanda akitangaza vita dhidi ya demokrasia na kila anayeifuata. Tarehe 30 Januari washambuliaji wa kujitoa mhanga walijilipua kwenye vituo vya kura, na makumi ya watu wakafa siku hiyo, Waislamu waliotoka majumbani kwao kwenda kupanga foleni. Baadaye mwalimu mwenyewe alimkanya hadharani mwanafunzi wake kwa kumwaga damu za Waislamu ovyo. Lakini kijitabu kilikwisha kusambaa.

Huku kwetu mkondo huo ulifika kwa lugha yetu. Mwaka 2012 al-Shabaab walianza kutoa jarida lao, Gaidi Mtaani, na lililengwa kwa msomaji wa Kiswahili. Nchini Somalia, wazee wa koo na wajumbe waliokubali kuchagua wabunge walitakiwa watubu, na baadhi yao wakauawa. Hawakuwa wanajeshi wala wanasiasa wakubwa. Walikuwa watu waliokaa kikao na kuchagua.

Kusini zaidi, Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, dalili zilionekana miaka kadhaa kabla ya damu, na kisa hiki naomba kila imamu akisome kwa utulivu. Vijana walianza kujitenga na misikiti ya wazazi wao. Waliingia misikitini na viatu, wakawaambia wazee kwamba dini yao imeharibika. Waliwatoa watoto katika shule za serikali. Walisema dola yote ni twaghuti na anayeitumikia si Mwislamu. Viongozi wa Baraza la Kiislamu la Msumbiji waliiona hatari na wakaiambia serikali, ila hatua haikuchukuliwa kwa uzito uliostahili. Tarehe 5 Oktoba 2017 vituo vya polisi vya Mocímboa da Praia vikavamiwa. Machi 2021 ikawa zamu ya Palma. Maelfu wameuawa, Waislamu wengi miongoni mwao, na katika kilele cha vita watu wapatao milioni moja walikuwa wameyahama makazi yao. Baadhi ya wakimbizi hao wanazungumza lugha tunayoielewa bila mkalimani.

Mwenye kusambaza klipu atakwambia hoja yake ni mpya, imezaliwa na bunge na sanduku la kura. Si mpya. Mwaka 657, baada ya vita vya Siffin, Sayyidna Ali alikubali mgogoro wake na Muawiya uamuliwe na wasuluhishi wawili. Kundi katika jeshi lake likajitoa likipaza sauti kwamba hukumu ni ya Allah peke yake, na kwamba kuwaachia wanadamu waamue ni ukafiri. Ali alijibu kwamba neno ni la haki, lakini linatumiwa kutafuta batili. Watu hao walikuwa wachamungu kwa macho: walisoma Kurani, wakasimama usiku kwa sala na kusujudu hadi nyuso zikawa na sugu. Lakini walipokutana njiani na Abdallah bin Khabbab, mtoto wa sahaba, wakamuuliza msimamo wake kuhusu Ali, jibu halikuwaridhisha, wakamchinja ukingoni mwa mto, na mkewe mjamzito wakampasua tumbo. Wanahistoria wanasimulia kwamba katika safari hiyo hiyo mmoja wao aliokota tende iliyoanguka, wenzake wakamkemea aiteme kwa kuwa hakuilipia. Tende waliiogopa, damu hawakuiogopa. Mwaka 661 mmoja wa watu wa mrengo huo, Abdurrahman bin Muljam, akamuua Ali.

Kabla ya vita vya Nahrawan, ambako Ali alipigana na kundi hilo, hata hivyo, kuna jambo lilifanyika ambalo sisi hatulifanyi. Abdallah bin Abbas aliomba ruhusa akaenda kambini kwao, peke yake, mchana wa jua kali, akawauliza wana hoja gani. Aliwasikiliza kwanza. Waliposema mwanadamu hana haki ya kuamua, akawaonyesha aya ya Suratun Nisaa inayoagiza mume na mke wanapofarakana apelekwe msuluhishi kutoka kila upande, na aya ya Suratul Maida inayowaachia watu wawili waadilifu waamue fidia ya mnyama aliyewindwa katika ihramu. Akawauliza: ikiwa Allah mwenyewe amewapa watu kuamua juu ya sungura na juu ya ugomvi wa nyumba, damu ya umma si ndiyo inayostahiki zaidi? Walipolalamika kwamba Ali alilifuta jina lake la Amiri wa Waumini katika hati ya usuluhishi, akawakumbusha kwamba Mtume aliridhia cheo chake kifutwe katika hati ya Hudaybiya. Maelfu walirudi naye siku hiyo. Waliobaki ndio waliokwenda kupigana.

Jibu la Ibn Abbas linatosha hata leo. Allah ndiye mwenye hukumu, na katika hukumu yake amewaachia watu eneo kubwa la kuamua mambo yao. Suratu Shura inawataja waumini kuwa ni watu wanaoendesha mambo yao kwa kushauriana, na Mtume mwenyewe aliamrishwa ashauriane na masahaba baada ya Uhud, vita ambavyo ushauri wao wa kutoka nje ya mji uliishia kwa hasara. Amri haikusema ushauri uachwe kwa sababu walikosea. Mtume alipofariki mwaka 632 hakuacha hati ya kumtaja mrithi wa madaraka. Masahaba walikutana Saqifa wakabishana mpaka Abubakar akapewa kiapo cha utii. Umar, akiwa amejeruhiwa, aliwaachia watu sita wachague miongoni mwao, na imesimuliwa kwamba Abdurrahman bin Auf alizunguka Madina kuuliza watu maoni yao, hadi wanawake ndani ya nyumba zao. Njia mbili tofauti ndani ya kizazi kimoja. Ingekuwa sheria imeweka namna moja tu ya kumpata kiongozi, masahaba wangekuwa wa kwanza kuijua.

Je, basi demokrasia na Uislamu ni kitu kimoja? Hapana, na atakayemwambia kijana hivyo atampoteza, kwa sababu kijana ataliona pengo mara moja. Bunge linaweza kupitisha jambo ambalo Mwislamu analijua kuwa haramu, na wingi wa kura hauligeuzi kuwa halali. Hapo Mwislamu husema hapana, hupiga kura ya hapana, hukataa kulitenda. Lakini kumchagua kiongozi, kumhoji, kumwondoa bila upanga, kuzuia mtu mmoja asishike hazina na mahakama na jeshi kwa pamoja: haya ni milango ya uadilifu, na uadilifu ni amri. Kwa kijana anayeniambia kwamba anafuata wanazuoni wa Saudia na si masheikh wa siasa, namkumbusha kwamba Sheikh Ibn Baz aliruhusu kuingia bungeni kwa nia ya kusimamia haki, na Sheikh Ibn Uthaymin aliona kushiriki uchaguzi ni wajibu, ili nafasi isiachiwe waovu. Anayekufurisha wapiga kura aseme waziwazi: na hao je?

Sisi tunao ushahidi wetu pia. Mwaka 2010 Kenya ilipoandika katiba mpya, viongozi wengi wa makanisa walipinga Mahakama za Kadhi kuwemo. Hazikuokolewa na bunduki. Waislamu walihudhuria vikao, wakatoa maoni, na tarehe 4 Agosti wakajipanga kwenye foleni pamoja na Wakristo waliowaunga mkono. Ibara ya 170 imo ndani ya katiba, na mjane wa Kisauni au Garissa anayedai mirathi yake kwa sheria ya Kiislamu anaidai kwa nguvu ya kura hizo. Anayesema kura ile ilikuwa ukafiri amwendee mjane huyo amweleze.

Sasa niseme na wenye mamlaka, maana tahadhari ya upande mmoja haina uaminifu. Hakuna anayemsaidia mkufurishaji kama anayeiba kura. Algeria, Desemba 1991, chama cha Kiislamu cha FIS kilipata viti 188 katika duru ya kwanza. Ndani ya chama chenyewe walikuwamo waliokwisha kuhubiri kwamba demokrasia ni ukafiri, na wengi waliowapigia kura hawakuwasikiliza, walikwenda vituoni. Januari 1992 jeshi likafuta duru ya pili, na waliohubiri vile wakageuka mbele ya vijana kuwa waliosema kweli. Miaka michache baadaye kundi la wapiganaji la GIA liliikufurisha jamii nzima, na mwaka 1997 wanakijiji wa Rais na Bentalha wakachinjwa usiku, na watoto wao. Misri mwaka 2013 ilitoa somo hilo hilo: rais aliyechaguliwa aliondolewa na jeshi, na mamia ya waandamanaji wakauawa Rabaa, Cairo, kwa siku moja.

Zanzibar, ambako karibu kila mpiga kura ni Mwislamu, watu walikwenda kwenye kura ya maoni ya Julai 2010 na theluthi mbili wakachagua serikali ya umoja wa kitaifa. Ile ilikuwa shura ya watu wazima waliochoka na maiti za maandamano ya Januari 2001. Miaka mitano baadaye uchaguzi ulifutwa baada ya watu kupiga kura. Kila anayefanya uamuzi wa namna ile ajue kuna mtu gizani anayeutumia kama darasa. Ndivyo pia kwa vijana wanaochukuliwa majumbani usiku na wasionekane tena: familia inayonyimwa mahakama haitashawishika kwa khutba kwamba sheria ina maana.

Kazi iliyobaki ni ya wiki hizi, kabla joto la kampeni halijapanda. Maimamu, msiogope kulitaja jambo hili mimbarini kwa jina lake. Someni kisa cha Ibn Abbas chote, kwa dalili zake, vijana waone kwamba hoja inajibiwa kwa hoja. Maustadhi, mwanafunzi akiuliza kama mpiga kura ni kafiri, msimfukuze darasani wala msimcheke. Aliyefukuzwa ataulizia kwingine, na kule jibu lipo tayari. Mkalisheni, mpeni muda, na kama hamna elimu ya kutosha mpelekeni kwa aliye nayo: kadhi, ofisi ya mufti, mwanazuoni mzee wa mji wenu.

Wazazi, angalieni mambo ambayo Cabo Delgado iliyaona: mtoto anayeacha kusali nyuma ya imamu wa mtaa kwa kudai sala yake haikubaliki, anayekataa kula alichochinja baba yake, anayemwita mjomba wake mtumishi wa serikali murtadi, anayetaka kuacha shule si kwa kukosa karo bali kwa kuona ni haramu. Jambo moja pekee si ushahidi, na kijana aliyezidisha ibada si mhalifu. Yakikusanyika, usinyamaze kwa aibu ya majirani. Mwite kaka yake, mwite sheikh anayemheshimu, zungumzeni naye angali anakaa mezani kwenu. Na akitaja safari, au silaha, au jina la mtu anayestahili kufa, hapo hakuna tena mjadala wa fikihi: toa taarifa siku hiyo hiyo, nenda na wakili au kiongozi wa msikiti, dai mtoto apelekwe mahakamani kwa utaratibu, na ufuatilie kila siku kujua yuko kituo gani.